Mimi wa Kwenye Wimbo

Compton, 9 Oktoba 1988

Dada Charisse,

Mama anakusalimia na anauliza kama huko Nashville unakula au unasoma tu. Nimemwambia unakula vitabu.

Nina shida, na wewe peke yako ndiye unayeiweza. Kimbrough, yule jirani mwenye meno mapana, amegeuza gereji ya mjomba wake kuwa studio. Kabandika trei za mayai ukutani, kanunua mashine ya ngoma, na midundo anayoitoa humo, Dada, we acha tu, kifua kinatikisika. Sauti ninayo. Kimbrough anasema ni sauti ya mtu aliyemeza kokoto. Maneno ndiyo sina. Nikiandika mimi linatoka tangazo la sabuni. Wewe ndiye uliyekuwa ukiwasema wale wasichana wa mtaa wa pili kwa vina mpaka wanarudi kwao wakilia.

Andika habari ya Jumamosi. Polisi walikuja kwa Bwana Arceneaux wakimtafuta mtu asiyekaa pale. Wakamlaza mzee kifudifudi kwenye nyasi zake mwenyewe, na pajama mwilini. Mkewe anapiga kelele, "Ana moyo mbovu huyo! Ana moyo mbovu!" Askari mmoja akamjibu, "Basi alale vizuri." Walipoondoka mlango umevunjwa, televisheni imepasuka, mtu wao hawajampata, na hakuna aliyesema samahani. Tangu siku hiyo mzee anakaa barazani, haongei na mtu. Redioni hakuna kitu. Gazetini hakuna kitu.

Wewe andika, mimi nitasema.

Mdogo wako,
Dell
(Siku hizi naitwa Dell Kokoto. Usicheke.)


Nashville, 21 Oktoba 1988

Kokoto,

Nimecheka mpaka msichana ninayekaa naye chumbani kaniuliza kama nina homa.

Kisha nikasoma habari ya Bwana Arceneaux, kicheko kikakauka. Yule ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Nimeandika darasani, mwalimu akidhani nanakili somo lake. Wimbo wote uko kwenye karatasi ya pili, lakini huu mwisho usiubadilishe hata neno moja:

Umemlaza babu kwenye nyasi alizozikata,
Umeondoka na utu wake, mtu wako hukumpata.

Nina masharti. Mama asijue kamwe. Mimi ni kwaya ya chuo, ni binti anayekuja kuwa mwalimu, na Mama ameshalitangaza hilo kanisa zima. Jina langu usimtajie hata Kimbrough. Halafu utaona humo nimesema "mimi nilisimama mbele yao, mimi niliwaambia." Hukusimama, najua. Hakuna aliyesimama. Huyo mimi wa kwenye wimbo si wewe wala si mimi. Ni mtu niliyemtengeneza asimame pale sisi tunapoogopa kusimama.

Kula mboga.

Charisse


Compton, 2 Aprili 1989

Dada,

Kanda zinaisha! Tunaziuza kwenye buti la gari la Kimbrough na kwa yule Mkorea mwenye kibanda sokoni. Redio hawataki kutusikia, lakini ukisimama kwenye taa za barabarani unausikia wimbo unatoka kwenye magari matatu, kila moja limefika mstari wake. Nilimpelekea Bwana Arceneaux redio pale barazani. Akasikiliza. Nikadhani hajaelewa. Akasema, "Rudisha nyuma." Akasikiliza tena. Ndiyo maneno ya kwanza aliyoyasema tangu ile siku, mkewe akaanza kulia jikoni.

Sasa habari ya Mama. Mchungaji alihubiri dhidi ya muziki wetu, akawaambia wazazi walete kanda za watoto wao. Akazipanga kwenye maegesho ya kanisa, akazipitia na gari lake la Buick, mbele na nyuma. Ya kwangu aliipeleka Mama kwa mkono wake. Akarudi, akapika kuku na mkate wa mahindi kama kawaida, akaniwekea sahani. "Kula," akasema. "Nimeiponda." Nilitamani kumwambia kamponda nani, lakini masharti ni masharti.

Jambo lingine. Kaja mtu wa kampuni ya muziki, mzungu mmoja, viatu havina soksi. Kasema wimbo wa mzee ni mzuri, lakini, "Watoto wa mitaa yetu ya wazungu hawanunui mzee aliyelala kwenye nyasi. Wananunua bunduki." Anataka wimbo mmoja wa damu. Mmoja tu, Dada. Weka lile duka la donati la barabara ya Rosecrans, kila mtu analijua.

Kokoto mwenyewe


Nashville, 14 Aprili 1989

Dell,

Nilikataa kwa siku kadhaa. Nilikuwa na barua tayari imeandikwa, ya kukuambia mwache mzungu na miguu yake mitupu. Halafu nimekaa kwenye ngazi za maktaba, mistari ikaanza kuja yenyewe, na sikudanganyi, nimeifurahia. Nilijiona mtu wa hatari, mimi ninayeogopa hata paka wa mlinzi.

Ijumaa jioni, donati mkononi,
Umenitazama vibaya, umeingia kaburini.
Nikafuta kidole, nikalamba sukari,
Mama yako analia, mimi nawasha gari.

Sikiliza ule mstari wa sukari. Nadhani sijawahi kuandika kitu kizuri kuliko hicho. Ni kibaya, lakini ni kizuri.

Kama unaona umezidi, uache. Mimi nakuachia wewe.

Charisse


Nashville, 3 Novemba 1990

Dell,

Umepotelea wapi? Tangu kiangazi sijapata hata kadi. Nikipiga simu Mama anasema umepata kazi Bakersfield, kisha anageuza mazungumzo, ananiuliza habari za kwaya. Tangu lini Mama akakosa la kusema juu yako?

Wimbo wa donati umefika huku. Juzi wavulana wa kizungu wa chuo cha ng'ambo ya barabara walipita na gari wazi wakiuimba kwa sauti ya juu, wote wanaujua, mpaka mahali pa sukari. Mmoja wao tunafanya naye kazi mgahawani. Aliposikia natoka Compton macho yalimng'aa. "Umewahi kuona mtu akiuawa?" Ukimsikia utadhani ananiuliza kama nimewahi kuona bahari. Nikamuuliza kama anaujua ule wimbo wa mzee kwenye nyasi. Hajausikia. Hakuna huku aliyeusikia.

Andika, hata mstari mmoja.

Dada yako


Bakersfield, 1 Desemba 1990

Dada,

Usiwe na wasiwasi. Kazi ni ya godauni. Watu tuko wengi, kelele nyingi, taa haizimwi, na maharage tunayokula yangetosha kujaza bwawa. Barua zangu pitishia kwa Mama, huku anwani hazitulii.

Krismasi usije, nauli ni ghali na mimi sitakuwepo. Wewe maliza mitihani, uvae joho, upige picha. Hiyo picha naitaka.

Na zile karatasi zako nimezichoma zote. Mtu akikuuliza lolote kuhusu nyimbo, wewe hujui kitu, ni mwanakwaya. Hamna jambo. Ni tahadhari tu, kampuni za muziki zina mambo mengi.

Wako,
Rodell


Compton, 16 Juni 1991

Mwanangu mpendwa Charisse,

Namshukuru Mungu umehitimu salama. Nilikuambia miguu ndiyo iliyonizuia kuja. Haikuwa miguu, wala hakuna kazi ya Bakersfield. Wiki ile uliyovaa joho mimi nilikuwa mahakamani. Rodell aliniapisha nisikwambie mpaka mitihani iishe, akasema, "Mama, angalau mmoja wetu atoke." Nilikula kiapo, nikakishika mpaka leo.

Agosti mwaka jana kijana mmoja, Anselm Lockridge, alipigwa risasi nje ya duka la donati la Rosecrans. Rodell alikuwa kwenye foleni. Watu wote walikimbia, naye akakimbia. Shahidi mmoja alisema aliyepiga alikuwa na shati jeupe. Nusu ya vijana pale walikuwa na mashati meupe. Bunduki haikupatikana. Wakili akaniambia, "Mama Pettigrew, lala usingizi, kesi hii ni nyepesi."

Ndipo mwendesha mashtaka akasimama na karatasi. Hakuucheza wimbo, aliyasoma maneno, polepole, kama anasoma maandiko. Alipofika pale pa "mama yako analia", Bi Vesta Lockridge, mama wa marehemu, akapiga ukelele ambao sijausikia hata msibani. Wakili wetu akasema kanda ilitoka mwaka mzima kabla ya kifo, na kijana aliuawa Alhamisi, si Ijumaa. Mwendesha mashtaka akasema, "Basi alituambia mapema atakachofanya." Nikawatazama wale watu kumi na wawili waliokuwa wakiamua, hakuna hata mmoja wa mtaani kwetu, nikaona nyuso zao zimefungwa kama madirisha.

Wakamuuliza Rodell nani aliyaandika. Akasema, "Mimi."

Wamempa kifungo cha miaka kumi na mitano hadi maisha.

Charisse, najiuliza nani alimtia mwanangu maneno yale kinywani. Si mimi, wala si kanisa. Ningemjua mtu huyo ningemwomba jambo moja tu, aje aketi mbele ya yule mama, amtazame usoni.

Mama yako,
Ernestine Pettigrew


Nashville, 24 Juni 1991

Rodell,

Kwa nini ulisema wewe? Swali walikuuliza. Mlango ulikuwa wazi! Ungesema, "Aliandika dada yangu, yuko Nashville, mwiteni," ningepanda basi siku hiyo hiyo. Ningewaambia kwamba sijawahi hata kuingia kwenye duka lile, kwamba nilikuwa kwenye ngazi za maktaba na daftari mapajani, na kwamba kwenye mstari ule hakuna ukweli wowote isipokuwa sukari.

Nimesoma barua ya Mama mpaka imelegea. Hajui anamwandikia nani.

Nakuja. Nijibu.

Charisse


Gerezani, 19 Julai 1991

Dada,

Nimepewa kalamu fupi kama kidole, kwa hiyo nitasema yaliyo ya lazima.

Kwanza, uamini kwamba sikumpiga yule kijana. Nilikuwa nimeshalipia, nangoja kahawa ya Kimbrough. Nilisikia mlio, nikakimbia kama kuku. Kokoto mzima, na miguu ilinipita.

Pili, ulichouliza. Ningependa uamini ni kwa ajili yako, usivuliwe joho lako, Mama asipoteze wawili. Ni kweli, lakini si yote. Kimbrough alikuwa amekaa nyuma kule, na vijana wote wa mtaani, na mzungu wa kampuni alikuwa amemtuma mtu aje asikilize. Miaka miwili nimewaambia watu wote maneno ni yangu. Nimeyatolea jasho jukwaani. Mwendesha mashtaka alipouliza, niliwaza, nikisema ameandika dada yangu, watacheka. Hicho ndicho nilichokiwaza, Dada. Nilikuwa nahukumiwa kwa kifo cha mtu, nikaogopa kuchekwa. Nikafungua mdomo, likatoka "mimi," na wakili wangu akafumba macho.

Usije. Au njoo, lakini usilie kwenye kioo cha wageni, wenzangu wanaangalia.

Rodell


Compton, 20 Mei 1992

Rodell,

Niko nyumbani tangu Machi. Jaji amekataa kuifungua kesi yako upya. Nilikula kiapo mbele yake, nikaandika mistari ile yote palepale kwa mkono wangu, bila kutazama popote. Akasema wimbo umeuzwa kote nchini, hata mtoto wake anaujua kwa moyo, na dada yeyote angesema hivyo kumwokoa ndugu yake. Akauliza karatasi za awali ziko wapi. Unajua ziko wapi.

Mjini bado kunanuka moshi. Waliwaachia wale askari waliorekodiwa wakimpiga mtu mweusi, watu wakachoma. Duka la donati limeungua, kibanda cha yule Mkorea hakipo, na kijana aliyekuwa akibeba viatu kutoka dukani alikuwa akiimba ule wetu wa nyasi kwa sauti kubwa. Kwa dakika moja nilijisikia vizuri. Halafu akaunganisha na ule mwingine.

Mama nilimwambia kabla ya kwenda kwa jaji. Alikuwa anamenya viazi vitamu.

"Mama, maneno yale niliandika mimi."

"Maneno gani?"

"Unayajua."

Akaendelea kumenya. Akamaliza kimoja, akachukua kingine. Akasema, "Nipe sufuria." Nikampa. Akasema, "Sasa usiniambie tena." Tangu hapo ananisalimia asubuhi kama mpangaji.

Nitabaki huku. Kuna shule inataka mwalimu.

Charisse


Gerezani, 11 Septemba 2007

Dada,

Bodi ya parole, wale wanaoamua nani atoke mapema, imenirudisha tena. Safari ya kwanza niliwaambia ukweli, sikumuua mtu na wimbo si wangu. Wakaandika, "Bado hajakubali wajibu." Safari hii nikasema yaleyale kwa upole zaidi, wakaandika yaleyale kwa ukali zaidi. Mwenyekiti kanitazama juu ya miwani. "Bwana Pettigrew, miaka yote hii bado unamsukumia dada yako?"

Bi Lockridge huja kila mara. Amezeeka. Hukaa kwenye kiti kilekile, na picha ya Anselm mapajani. Hanitukani. Hunitazama mdomo tu.

Humu ndani vijana wanaingia wakiujua wimbo wangu, wengine hawakuwa wamezaliwa ulipotoka. Wananiita Mzee Kokoto, kwa heshima wananigawia chumvi na supu zao za pakiti. Mmoja kutoka Fresno, mtoto mtoto, kaniambia aliuimba kwenye gari kabla ya kwenda kufanya lililomleta huku, ili apate moyo. Nikamwuliza, na ule wa mzee kwenye nyasi? Akasema, "Upi huo?"

Ningeanzia wapi?

Dell


Compton, 2 Oktoba 2007

Mdogo wangu,

Nitakwenda mimi mwenyewe mbele ya bodi. Nitamwambia na Bi Lockridge.

Habari ya huyo wa Fresno imenifanya nisifundishe kwa siku mbili. Wiki iliyopita walikuja watu wa chuo kikuu, wanaandaa mkutano juu ya nyimbo za enzi zetu. Msomi mmoja akasema ule mstari wa sukari ni kilele cha ushairi wa mtaani, sauti halisi ya mtu aliyeishi kwa bunduki. Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu, na miwani ya kusomea, na mkoba wa kusahihishia. Nilitaka kusimama. Nikaona nikisimama nitakuwa nadai sifa, na sifa hiyo ina maiti ndani yake. Nikanywa maji.

Nilisema kweli mara moja na uongo mara moja. Ile kweli ilimfanya Bwana Arceneaux afungue mdomo, na haijulikani tena hata kuwa ilikuwepo. Sikujua watu watachukua wimbo upi. Ningekuwa na akili ningejua.

Mama anasema kula.

Charisse


Gerezani, 8 Machi 2010

Dada,

Kaa kwanza.

Nilikuambia usije safari hii, na ukanuna. Sikukueleza kwa sababu ungenizuia. Wakili mpya wa kujitolea alinieleza mambo wazi: "Rodell, hawataki ukweli wako. Wanataka wanaoujua wao."

Mwenyekiti akasoma mistari tena. Anasoma vibaya, anameza vina. Akauliza, "Nani aliandika?"

Nikasema, "Mimi, bwana."

"Ulikuwa na maana gani?"

"Nilitaka kuogopwa."

"Na Anselm Lockridge?"

Nikasema nimebeba dhambi ya kifo chake na nitaibeba mpaka kufa. Sikusema nilimpiga. Sikusema sikumpiga. Wakaiandika walivyotaka.

Bi Lockridge akaomba kusema. Akasimama kwa kushikilia meza. "Miaka yote hii," akasema, "sikutaka afungwe wala aachiwe. Nilitaka tu aseme ni yeye aliyesema vile juu ya kulia kwangu." Kisha akanitazama machoni, si mdomoni. "Asante, mwanangu. Sasa nitalala."

Kaniita mwanangu, Charisse.

Wamenikubalia kutoka. Imebaki saini ya gavana.

Najua unachokiwaza, unataka kwenda kwa Bi Lockridge. Usiende. Nakuomba kama ambavyo sijakuomba kitu tangu mistari ile. Nimempa uongo, ameushika kwa mikono miwili. Ukimnyang'anya, atabaki na nini?

Rodell


Compton, 29 Machi 2010

Rodell,

Nilikwenda. Nilifika mpaka getini kwake. Alikuwa anamwagilia maua, akanikaribisha bila kuniuliza mimi ni nani, akadhani ni wa kanisani kwake. Nikasema nimekosea nyumba.

Wakili wako ameleta karatasi ya kwenda kwa gavana. Familia ithibitishe kwamba mfungwa anayajutia kwa dhati maneno aliyoyaandika ujanani. Mama alisaini kwanza. Akanisogezea kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa viazi akaniita kwa jina la utotoni. "Saini, Risi," akasema. "Mtoto arudi."

Nimesaini. Charisse Pettigrew, dada, mwalimu.

Siku ya kutoka nitakuwa getini saa mbili asubuhi. Mama anataka kuja, nimemwambia safari ni ndefu, hasikii. Kama wakikupa shati jeupe, livue, nitakuletea lingine.

Dada yako